Karani asiyeonekana nyuma ya kila tovuti

ILIKUWA yapata saa tatu usiku, wiki moja kabla ya Krismasi. Watoto walikuwa wameshafunga mabegi yao na mama yao alikuwa ameshanunua mkate na sukari ya kumpelekea nyanya. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kukata tiketi nne za basi kutoka Nairobi hadi Kisumu.

Zamani kazi hiyo ingenipeleka hadi katikati ya jiji, nikapange foleni mbele ya dirisha la karani huku nikiuchunga mfuko wangu. Siku hizi hakuna haja. Nilifungua tovuti ya kampuni ya basi kwa simu, nikachagua basi la asubuhi, nikaandika majina ya abiria wanne na kubonyeza mahali palipoandikwa "Lipa".

Hakuna kilichotokea. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikazidi kuzunguka. Nikabonyeza tena.

Papo hapo simu ikaniomba nambari yangu ya siri ya M-Pesa ili nilipe Sh6,000. Nikaiandika. Kufumba na kufumbua, ujumbe mwingine wa aina hiyo hiyo ukatokea. Nikadhani ule wa kwanza haukufika, nikaiandika nambari ya siri mara ya pili.

Hivyo ndivyo nilivyokata tiketi nane kwa watu wanne, na Sh12,000 zikaniponyoka badala ya Sh6,000.

Asubuhi nilipofika kwenye ofisi ya kampuni hiyo, karani alitazama kioo cha kompyuta yake, akanitazama mimi, kisha akatazama watoto wangu wawili.

"Mzee, mtambo unaonyesha umelipia viti vinane," akasema. "Hao wengine wanne wako wapi?"

Nilijitetea lakini haikusaidia. Niliambiwa niandike barua ya malalamiko nikirudi. Tulisafiri tukiwa na viti vinne vitupu ambavyo nilikuwa nimevilipia mwenyewe, na utingo akavijaza abiria wengine kabla hatujafika Nakuru.

Mpwa wangu, ambaye anasomea mambo ya kompyuta katika chuo kikuu, aliposikia kisa hicho kwa nyanya yake hakucheka kama wengine.

"Mjomba, ulibonyeza mara ngapi?" aliniuliza.

"Mara mbili."

"Basi kosa si lako. Aliyeandika programu ya upande wa seva ndiye aliyesahau kwamba binadamu hana subira."

Makala haya yametokana na mazungumzo yetu ya jioni hiyo chini ya mwembe. Nimeyaandika kwa ajili ya wazazi ambao, kama mimi, hulipa karo, stima na nauli kwa simu bila kujua nani anayewajibu upande wa pili, na kwa wanafunzi ambao huenda siku moja wakawa ndio wanaoandika majibu hayo.

Dirisha na masjala

Ukurasa unaouona kwenye simu au kompyuta ni kama dirisha la ofisi ya serikali. Una rangi, picha, vibonyezo na nafasi za kuandika jina lako. Lakini dirisha lenyewe halijui kama kuna kiti kilichobaki kwenye basi la asubuhi. Anayejua ni karani aliye nyuma yake, na karani naye hujua kwa sababu anaweza kuingia katika masjala na kufungua majalada.

Karani huyo ndiye programu ya upande wa seva. Masjala ni hifadhidata, yaani mahali ambapo kumbukumbu zote za kampuni zimepangwa.

Seva yenyewe si dude la ajabu. Ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana ikisubiri kuulizwa. Mara nyingi haina hata kioo wala kibodi. Huwekwa katika chumba chenye baridi, stima ya akiba na milango inayofungwa barabara.

Programu iliyo kwenye simu yako inayokufungulia kurasa, ambayo Waswahili wa kompyuta huiita kivinjari, hutuma ombi kwa seva. Seva husoma ombi hilo, hufanya kazi iliyoombwa, kisha hurudisha jibu. Ombi moja, jibu moja. Biashara yote ya wavuti, kuanzia matokeo ya mtihani hadi picha za harusi, imejengwa juu ya mazoea hayo mawili.

Ombi ni barua

Kinyume na wanavyodhani wengi, ombi hilo si mafumbo. Ni barua fupi inayofuata kanuni ziitwazo HTTP, na katika umbo lake linalofahamika zaidi ni maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Mstari wa kwanza wa barua hutaja kitendo na mahali. Kitendo cha kawaida ni GET, maana yake "nipe". Kingine ni POST, maana yake "pokea hiki ukifanyie kazi". Unaposoma ratiba ya mabasi, kivinjari chako kinasema GET. Unapobonyeza "Lipa", kinasema POST.

Baada ya mstari huo hufuata mistari ya maelezo: anwani ya tovuti, aina ya kivinjari, lugha unayopendelea na kadhalika. Kisha huachwa mstari mmoja mtupu. Baada ya mstari huo mtupu ndipo huja mzigo wenyewe, kwa mfano majina ya abiria na nambari ya simu.

Jibu nalo lina umbo hilo hilo, ila mstari wake wa kwanza hubeba nambari ya tarakimu tatu inayoeleza mambo yalivyokwenda. Msomaji ambaye amewahi kukutana na 404 anajua hasira yake. Ni vizuri kujua kwamba tarakimu ya kwanza ndiyo yenye habari kubwa.

Ikiwa ni 2, kama 200, ombi limefaulu. Ikiwa ni 3, unaelekezwa kwingine. Ikiwa ni 4, seva inasema kuna kasoro katika ombi lako: 404 ni "ulichokitafuta hakipo" na 403 ni "huna ruhusa". Ikiwa ni 5, kama 500, seva inakiri kwamba kasoro ni yake.

Kuna matoleo mapya ya kanuni hizi, lile la pili la mwaka 2015 na la tatu la 2022, ambayo huifunga barua hiyo kwa namna ya kuisafirisha haraka zaidi. Hata hivyo maana ya GET, POST na nambari hizo haikubadilika. Mwanafunzi anayejifunza leo hajifunzi kitu kitakachooza kesho.

Ilianzia Geneva

Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa 1990 seva ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi.

Kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu yakionya kwamba ni seva na isizimwe. Onyo hilo lilikuwa la maana. Kama mfanyakazi wa usafi angeizima, wavuti wote wa dunia ungelala.

Hapo mwanzo kanuni zilikuwa na kitendo kimoja tu, GET, na kwa kawaida seva ilifanya kazi ya mtunza maktaba. Uliomba karatasi, ikakuletea kama ilivyo. Haikuweza kuuza tiketi.

Mabadiliko makubwa yalitokea 1993, wakati wataalamu wa NCSA, kituo cha kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walipoleta utaratibu unaoitwa CGI. Kwa utaratibu huo, badala ya seva kuchota karatasi kabatini, iliweza kuamsha programu nyingine, kuipa maelezo ya ombi na kumrudishia mteja chochote ambacho programu hiyo iliandika. Sasa jibu liliweza kutungwa papo hapo, kwa ajili ya mtu mmoja.

Ubaya wake ni kwamba kila ombi liliamsha programu upya, na programu ikafa baada ya kujibu. Ni kama ofisi inayomwajiri karani mpya kwa kila mteja kisha inamfuta kazi mteja akiondoka. Wateja watano si neno. Wakija elfu tano, ofisi inazimia.

Ndiyo sababu katika miaka iliyofuata zilitafutwa njia za kumweka karani kazini muda wote, akihudumia mteja mmoja baada ya mwingine, au makarani kadhaa wakisaidiana.

Zana zilizotokana na shida

Jambo linalofurahisha ni kwamba zana nyingi za kazi hii zilizaliwa na watu waliokuwa na shida ndogo za kawaida.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitaka kujua ni nani waliokuwa wakisoma wasifu wake wa kutafutia kazi aliokuwa ameuweka kwenye wavuti. Mwaka 1994 aliandika vijiprogramu vya kumsaidia, na Juni 1995 akavitoa bure kwa yeyote aliyevitaka. Vikakua na kuwa lugha ya PHP. Facebook ilipoanza mwaka 2004 iliandikwa kwa lugha hiyo, na programu inayoendesha Wikipedia imeandikwa kwayo hadi leo.

Sisi wa magazeti tuna fahari yetu pia. Django, mkusanyiko wa zana za lugha ya Python unaotumiwa kote duniani, ulitokana na kazi ya vijana wa gazeti la Lawrence Journal-World katika jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakiamriwa kutengeneza kurasa za habari na za michezo kwa saa chache, kama ilivyo desturi ya wahariri. Wakajiundia zana za kuwarahisishia kazi, na Julai 2005 zikatolewa kwa umma.

Nasi Wakenya hatukubaki nyuma. Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishirikiana na wenzao kuunda Ushahidi. Mtu aliyeona nyumba ikichomwa au barabara ikifungwa aliweza kutuma habari kwa ujumbe wa simu au kwa kujaza fomu kwenye tovuti, nayo ikaonyeshwa kwenye ramani.

Ndani yake ilikuwa ni kazi ile ile tuliyoieleza: kupokea ombi, kulikagua, kulihifadhi na kutoa jibu. Tofauti ni kwamba ombi lililopotea hapo halikuwa nauli ya mtu bali pengine uhai wake. Programu hiyo, iliyoandikwa kwa PHP, ilitumika tena Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, na jina lake la Kiswahili likajulikana ng'ambo.

Karani msahaulifu

Mpwa wangu aliniambia kwamba jambo linalowasumbua zaidi wanafunzi wapya ni kwamba seva haina kumbukumbu ya mteja. Kwa kanuni za HTTP, kila ombi ni geni. Ukiomba ukurasa wa pili sekunde moja baada ya wa kwanza, karani anakutazama kama mtu ambaye hajawahi kukuona.

Dawa yake ilipatikana 1994, pale Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipobuni vidakuzi. Jambo lenyewe ni sawa na kile kibandiko chenye nambari unachopewa mlangoni mwa duka kubwa unapoacha mzigo wako. Mlinzi hakumbuki sura yako, lakini ukimwonyesha nambari 47 anakupa mfuko wa nambari 47.

Seva hutuma nambari ndani ya jibu lake la kwanza. Kivinjari huiweka, na huirudisha katika kila ombi linalofuata. Hivyo ndivyo unavyoweza kuingia katika akaunti yako mara moja tu na usiulizwe tena katika kila ukurasa.

Lakini kama vile mtu aliyeokota kibandiko chako anavyoweza kuondoka na mfuko wako, aliyeiba kidakuzi chako anaweza kujifanya wewe. Kwa hiyo nambari hiyo lazima iwe ndefu, isiyokisika, na isafiri kwa njia iliyofungwa. Anwani inayoanza na "https" ni barua iliyo ndani ya bahasha iliyogandishwa. Ile ya "http" bila "s" ni kadi ya posta: kila mwenye kuishika njiani anaweza kuisoma.

Usiamini kila mgeni

Kanuni ya kwanza ya mwandishi wa programu za seva ni kali kidogo: usiamini chochote kilichotoka nje.

Chukua mfano huu. Mwandishi mvivu huweka bei ya tiketi, Sh1,500, ndani ya ukurasa uliofichwa, kisha hungoja kivinjari kimrudishie bei hiyo pamoja na ombi la kulipa. Kijana mtundu wa kidato cha tatu anaweza kuibadilisha iwe Sh15 kabla ya kuituma. Kivinjari ni chake, yuko kwake, nani atamzuia? Mwandishi makini hapokei bei kutoka kwa mteja hata kidogo. Hupokea jina la safari, kisha huingia masjala mwenyewe kutafuta bei yake.

Mfano wa pili unawagusa Wakenya kwa namna ya pekee. Hifadhidata nyingi huamriwa kwa lugha iitwayo SQL, na katika lugha hiyo maneno hufungwa baina ya alama mbili za ritifaa, ile alama tunayoiweka katika neno "ng'ombe". Sasa basi, programu ikichukua jina la mteja na kuliunganisha tu na amri, itakuwaje mteja akiitwa Nyong'o au Ng'ang'a?

Hifadhidata itadhani jina limekwisha katikati, na herufi zilizobaki itazichukulia kuwa amri. Mara nyingi itachanganyikiwa, na Bwana Ng'ang'a ataambiwa jina lake ni batili. Wengi wenye majina kama hayo wamelalamikia fomu zinazowakataa, kumbe walikuwa wamegundua ufa katika ukuta.

Kwa maana mwizi naye anaujua ufa huo. Badala ya jina, yeye huandika ritifaa ikifuatwa na amri yake mwenyewe, pengine ya kutoa orodha ya wateja wote au kuifuta. Udhaifu huu umeelezwa hadharani tangu 1998, na dawa yake ni rahisi: amri ipelekwe peke yake na jina lipelekwe peke yake, ili hifadhidata isichanganye kamwe neno la mteja na neno la bwana wake. Lugha zote kubwa zina njia ya kufanya hivyo. Hata hivyo tovuti zinazovunjwa kwa ufa huo bado zipo.

Kadhalika, nywila za wateja hazihifadhiwi kama zilivyo. Husagwa kwanza kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kama mahindi yaliyokwisha kuwa unga. Ukiingia tena, seva husaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Tovuti ikikutumia nywila yako ya zamani kwa barua pepe ati kukukumbusha, jua kwamba haikuisaga, na ujihadhari nayo.

Haya si mambo ya hiari tena. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, anayekusanya habari za watu nchini Kenya ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda.

Kwa nini nililipa mara mbili

Tukarudi kwenye tiketi zangu nane.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua njia iitwayo Daraja, inayowezesha seva ya duka lolote lililosajiliwa kuzungumza na mitambo ya M-Pesa. Jina limefaa, kwa kuwa ni daraja kweli, na lina pande mbili.

Unapobonyeza "Lipa", seva ya duka hutuma ombi kwenye Daraja ikisema: tafadhali mwombe mwenye simu hii alipe kiasi hiki. Jibu huja mara moja pamoja na nambari ya kumbukumbu. Lakini jibu hilo halina maana kwamba pesa zimelipwa. Maana yake ni "nimekusikia".

Kisha mteja huandika nambari yake ya siri, au hukataa. Hapo ndipo mambo hugeuka: mtambo wa M-Pesa sasa ndio unaotuma ombi kwa seva ya duka, ukiieleza matokeo. Tokeo la 0 lina maana kwamba malipo yamefaulu. Tokeo la 1032 lina maana kwamba mteja alikataa. Karani aliyekuwa akiuliza amegeuka kuwa wa kuulizwa.

Mwanafunzi anayechanganya majibu haya mawili atagawa tiketi ambazo hazijalipiwa. Anayesahau kwamba jibu la pili linaweza kupotea njiani atawanyima tiketi watu waliolipa. Aidha, asipohakikisha kwamba nambari ya kumbukumbu ni ile aliyopewa na kiasi ni kile kile, mjanja yeyote anaweza kumtumia habari za uongo za malipo.

Kwangu mimi, M-Pesa ilifanya kama ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa upande wa basi. Nilipobonyeza mara ya pili, seva yao ilipokea POST nyingine na kuichukulia kuwa safari nyingine, na kuniombea malipo mengine na viti vingine.

Katika kanuni za HTTP, GET inatakiwa isibadilishe kitu, kwa hiyo ukiirudia mara kumi hakuna madhara. POST haina ahadi hiyo. Ukiirudia, jambo linaweza kutendeka mara mbili. Kila mwandishi wa programu za malipo hufundishwa hilo, au hulijua baadaye kwa machozi ya wateja.

Dawa ni kuipa kila fomu nambari yake ya pekee kabla haijajazwa. Ombi likifika, seva hutazama katika masjala: je, nambari hii nimeshaishughulikia? Kama ndiyo, haifanyi kazi upya. Inarudisha jibu lile lile la kwanza. Mteja abonyeze mara mbili au mara ishirini, tiketi ni zile zile.

Vivyo hivyo kwa viti. Watu wawili, mmoja Umoja na mwingine Lang'ata, wanaweza kukitaka kiti nambari 12 katika sekunde moja. Programu ikitazama kwanza kama kiti ni kitupu na kukiandika baadaye, wote wawili watakiona ni kitupu na wote watauziwa. Inafaa hifadhidata yenyewe iamriwe kwamba kiti kimoja katika safari moja hakiandikwi mara mbili. Hapo mmoja atafaulu na mwenzake ataombwa radhi.

Wapi pa kuanzia

Wazazi wengi hudhani elimu hii inahitaji mitambo ya bei ghali. Sivyo. PHP, Python na JavaScript zote ni za bure, na kompyuta iliyotumika inatosha kabisa kuanzia.

Aidha, huhitaji kukodi seva. Kompyuta yako inaweza kuwa seva na mteja kwa wakati mmoja. Anwani 127.0.0.1 katika kila kompyuta ina maana ya "mimi mwenyewe". Mwenye Python anaweza kuandika amri moja, python -m http.server, na kompyuta yake ikaanza kugawa faili zilizo katika folda aliyomo kupitia mlango nambari 8000. Kila ombi linapoingia, litaonekana likiandikwa mstari kwa mstari pamoja na nambari ya jibu lake.

Mpwa wangu alinionyesha jambo hilo jioni ile. Nilipoomba ukurasa usiokuwapo, nikaiona 404 ikiandikwa mbele ya macho yangu, upande wa karani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa upande huo wa dirisha.

Hatua inayofuata, alisema, ni kuandika kitu kidogo chenye mtu wa kukitumia kweli. Daftari la michango ya chama cha mama. Orodha ya vitabu vilivyoazimwa shuleni. Zamu za kulipia maji katika ploti. Mwanafunzi akijenga kitu ambacho shangazi yake atakitumia, atakutana na kila tatizo tulilolitaja hapa: jina lenye ritifaa, kibonyezo kilichobonyezwa mara mbili, watu wawili kwa wakati mmoja. Na shangazi hatakaa kimya.

Ama kwa wazazi, msiulize tu kama mtoto anajua "kutengeneza tovuti". Mwulizeni kinachotokea mtu akibonyeza mara mbili. Akiwa na jibu, anasoma kwa dhati.

Barua yangu ya malalamiko ilijibiwa baada ya majuma matatu, na Sh6,000 zikarudi zote. Pasaka tuliposafiri tena, nilifungua tovuti ile ile, nikajaza majina manne na kubonyeza "Lipa". Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikamtazama mke wangu, kisha, kwa makusudi, nikabonyeza mara ya pili.

Simu ililia mara moja tu.